Maji Mengi

Kwa miaka mingi nimewasomesha watoto wa Ujiji mlango wa tahara: kwamba maji yakifika kulateni hayanajisiki, ila igeuke rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Nasi tuna Ziwa Tanganyika, lipitalo mita 1,400 kwa kina! Kwa hivyo choo cha chuo changu kilipofurika wakati wa masika, nikafumba macho uchafu uteremke ziwani.

Mwezi wa Mei 2015, kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, ufukweni mwa ziwa hili hili. Watu wapatao 30 walifariki. Hapo nikafahamu kuwa maji yaweza kufaa kwa udhu, nayo yakamwua mwenye kuyanywa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kwenda haja penye maji ya watu. Basi uchafu wa vyoo haki yake ni kupelekwa katika mabwawa ya kusafishia, ukae siku nyingi, mzito utuame, jua na vijidudu vimalize kazi, ndipo maji yaachiwe.

Ewe mzazi, ada ya gari la kunyonya choo usiione hasara. Nami yangu nimelipa, nikichelewa.