Kuhama Chuo kwa Ajili ya Jina

Mdogo wangu amemaliza mwaka wa kwanza wa sheria katika chuo kimoja hapa Birmingham, chuo ambacho hakitajwi sana kwenye orodha za vyuo bora. Mwezi wa sita akapata barua: chuo kikongwe cha London kiko tayari kumpokea, ila aanze upya mwaka wa kwanza. Mama alipopigiwa simu, kabla sijatoka kazini mtaa wetu mzima kule Tanga ulishajua kuwa binti anahamia London.

Anayelipa ada ni mimi, kwa mshahara wa unesi na zamu za ziada za usiku. Kwa hiyo nilitaka hesabu kwanza, fahari baadaye. Mwanafunzi wa viza akihama chuo, lazima aombe viza nyingine kwa udhamini wa chuo kipya, na alipe mchango wa afya wa viza hiyo, pauni 776 kwa mwaka. Kisha kuna kodi ya chumba London. Na ada ya kigeni tuliyokwisha kulipa Birmingham ndiyo imekwenda na maji.

“Lakini dada, makampuni makubwa ya London yanaangalia chuo,” akaniambia.

Sikumbishia. Jina linafungua milango, na makampuni hayo huanza kuwasaka wanafunzi wakiwa mwaka wa pili tu. Kama London wangempokea mwaka wa pili, ningemwambia afungashe mizigo. Ila nilimuuliza: kazi ya makampuni hayo unaitaka? Akanyamaza. Tangu sekondari huyu anazungumzia kesi za uhamiaji na za wapangaji wanaofukuzwa, na watu wa kesi hizo wamejaa hapa Birmingham, Sparkbrook na Small Heath.

Wazazi wengi hatujui kwamba utaratibu umebadilika. Tangu Septemba 2021, anayetaka kuwa solisita England na Wales anafanya mtihani wa SQE, wenye sehemu mbili. Aliyetoka Oxford na aliyetoka chuo kisichojulikana wanakaa mtihani uleule. Kwa nesi jambo hili halina ugeni. Nilikuja na diploma ya nyumbani, nikafanya mtihani wa vitendo wa OSCE pamoja na Wafilipino na Wahindi, nikasajiliwa NMC. Digrii niliichukua baadaye, hukuhuku. Wodini hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza nilisoma wapi. Wanachouliza ni chai inakuja saa ngapi.

SQE si bure: ada ya mitihani peke yake ni karibu pauni 5,000. Inatakiwa pia miaka miwili ya uzoefu wa kazi, na inaruhusiwa kuikusanya katika sehemu hadi nne, kliniki ya sheria ya chuo ikiwamo. Nilimwambia wazi kwamba fedha za kuanza upya London na fedha za SQE zinatoka mfuko mmoja, na mfuko huo hauna mbili.

Mama hakukubali. Kwake, chuo kisicho na jina si chuo. Nikamkumbusha kitivo cha sheria cha Dar es Salaam: kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache katika jengo la mtaa wa Lumumba, nani alikuwa anakijua? Baadaye kikamsomesha Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya.

“Hao walikuwa vichwa,” Mama akajibu, akakata simu.

Uamuzi niliuacha kwa mwenyewe, maana atakayeamka asubuhi kwenda darasani si mimi wala Mama. Alijibu barua siku moja kabla ya tarehe ya mwisho: anabaki. Ameomba nafasi kwenye kliniki ya sheria ya chuo chake na anasubiri jibu. Majirani Tanga bado hawajaambiwa.