Kutoka Aubrac Hata Mto Lot

Wasomaji wetu wamezoea kusikia habari za Ufaransa kuwa ni habari za miji mikubwa, na magari, na maduka yenye taa. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipoalikwa na walimu wa huko, tukapewa siku tatu za kutembea kwa miguu katika misitu na mabonde ya kusini. Tulikuwa watu wawili: sisi tunaoandika, na mzee aliyetufundisha kusoma zamani, ambaye hata leo hatumwiti kwa jina lake, ila Mwalimu. Magoti yake yamechoka, walakini alisema kwamba kwenda Ulaya na kurudi bila kukanyaga udongo wake ni sawa na kwenda arusini na kurudi bila kula.

Njia tuliyoishika ni ya kale sana. Yaanzia mji wa Le Puy, ambako askofu Godescalc aliondoka mwaka 950 kwenda kuzuru kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Hispania. Siku hizi imepewa namba, GR 65, na watu wengi huipita, wengine kwa ajili ya sala, wengine kwa kunyosha miguu tu. Sisi tuliianza katika kijiji cha Aubrac, juu ya uwanda ulioinuka mita 1,300 hivi.

Uwanda ule hauna miti mingi. Ni majani na mawe na upepo, na ng'ombe wa rangi ya ngano ambao macho yao yamezungukwa na weusi kama waliotiwa wanja. Hapo, yapata mwaka 1120, bwana mmoja wa Flanders, jina lake Adalard, alijenga nyumba ya kupokea wasafiri, kwa kuwa watu walikuwa wakifa kwa theluji na kwa wanyang'anyi. Watawa wa nyumba ile walikuwa na kengele iliyoitwa kengele ya waliopotea. Ukungu ukishuka, au theluji ikianguka usiku, iligongwa, ili mtu aliye gizani aifuate sauti. Nyumba iliharibiwa katika siku za Mapinduzi, ila kanisa lipo na mnara upo. Mwalimu alikaa kanisani muda mrefu. Sisi tulikuwa na haraka.

Leo kazi ya kengele imeshikwa na rangi. Katika njia zile ndefu utaona juu ya mti, au jiwe, au ukuta wa zizi, mstari mweupe na chini yake mstari mwekundu, usiozidi upana wa kiganja. Maana yake: hapa ndipo. Ukiona mistari hiyo imekatana kama msalaba, maana yake: usipite. Basi, si zaidi ya hayo. Hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuisoma. Mambo haya yana historia yake. Askari mstaafu wa Napoleon, Claude-François Denecourt, alianza mwaka 1842 kufungua vijia katika msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, akavitia alama za buluu. Mwaka 1947 Jean Loiseau na wenzake waliunda kamati ya njia ndefu, na kipande cha kwanza kikafunguliwa mwaka uleule kando ya mto Loire. Sasa njia zenye alama katika nchi ile zapita kilometa 180,000, na wanaozipaka rangi na kuzifyeka ni maelfu ya watu wasiolipwa hata senti.

Tena wana sheria. Baada ya vita, mashamba madogo yalipounganishwa ili trekta zipate nafasi, vijia vingi vya zamani vililimwa vikafa. Ndipo sheria ya mwaka 1983 ikautaka kila mkoa uandike orodha ya njia zake za matembezi, na njia ya kijiji iliyokwisha kuandikwa haiwezi kuuzwa na kuzibwa pasipo kutolewa nyingine ya kuifaa badala yake. Tulipoambiwa hayo tuliikumbuka njia ya kisima cha kwetu, iliyofungwa na ua wa mtu mmoja, wala hapakuwa na aliyeuliza.

Lakini asubuhi ile ya Aubrac hatukuwa tumejifunza kuziheshimu alama hizo. Kusema kweli tulizicheka. Sisi tumezaliwa katika milima ya Kivu, tumepanda na kushuka tangu utoto kwenda shamba na shule. Je, tupakiwe rangi mitini ili tujue kushuka?

Kutoka Aubrac njia yashuka mita 500 hivi hata kijiji cha Saint-Chély. Kwanza wapita majanini, kisha waingia msituni, katika miti ambayo Wafaransa huiita hêtre, yenye gome laini la kijivu. Ukungu ulikuwa mwepesi. Tukafika mahali panapogawanyika: kuume kijia chembamba, kushoto njia pana ya wakata magogo. Mwalimu akasimama.

"Mwanangu, mti ule umetiwa msalaba."

Tukamjibu, "Mwalimu, njia hii ni pana, nayo yashuka. Mto uko chini."

Yeye ni mtu wa adabu, hakutaka kubishana nasi ugenini. Akafuata.

Baada ya nusu saa njia ile ikakoma mbele ya rundo la magogo. Badala ya kurudi tukaendelea kushuka pasipo njia, juu ya majani makavu yaliyofunika mawe yenye utelezi. Mwalimu akateleza, goti likapinda chini yake. Hakulia; alishika tu mzizi wa mti akafumba macho. Chini yetu mto ulinguruma katikati ya miamba, wala hapakuwa na pa kuvukia. Ikatubidi kupanda tena tulikotoka, mkono wake juu ya bega letu, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika. Tulifika Saint-Chély taa zimekwisha kuwashwa. Mama mwenye nyumba ya wageni akalifunga goti kwa kitambaa cha maji baridi, akatupa aligot, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na jibini mbichi mpaka vikavutika kama kamba. Mwalimu alikula kidogo.

Kesho yake akajikongoja kwa fimbo hata daraja la kijiji, ambapo pana msalaba wa mawe uliochongwa msafiri mwenye mkongojo. Hapo tulimkuta mzee Mfaransa, mwenye umri wa kumpita Mwalimu, ana mkebe wa rangi, brashi na mundu. Akatuuliza kama njia ya juu ilikuwa njema. Kwa Kifaransa chetu cha shule tukamwambia, "Kuna alama moja msituni haikuonekana, tukapotea."

Uso wake ukabadilika. Kipande kile kilikuwa chini ya mkono wake. Akauliza ni mti gani, akaomba radhi kwa Mwalimu kwa ajili ya goti, akatia mkebe mkobani, akaanza kupanda, ili wengine wasipotee siku hiyo.

Mwalimu alikuwa ameketi chini ya msalaba. Akasema, "Alama ilionekana." Hakuongeza neno.

Tulimtazama yule mzee akienda polepole mpaka karibu kupotea kwenye kona. Ndipo tukakimbia. Tulipomfikia tukamweleza yote: msalaba, rundo la magogo, na uongo. Akauweka mkebe chini.

"Mliuona kabla ya kupita, au baada?"

"Kabla."

Akafikiri kidogo, akasema atakwenda vilevile. Kama mtu ameuona akapita, basi rangi haitoshi, patiwe na gogo. Tukaomba tuuchukue mkebe. Tulipofika, msalaba ulikuwa mwekundu kabisa kama uliopakwa jana. Yeye hakuugusa kwa brashi. Tulikokota gogo wote wawili, tukalilaza kuizuia njia, akalikalia akala mkate wake, akatukatia na sisi.

Goti la Mwalimu halikukubali kutembea tena, nasi tukashuka kwa gari hata Saint-Côme, unakopita mto Lot, kwa hiyo katika siku tatu zetu tulitembea siku moja. Kando ya barabara kulikuwa na miti ya châtaignier, ambayo njugu zake hufungwa katika maganda ya miiba. Zamani maskini wa mabonde yale walizila badala ya mkate. Mwalimu akamwomba dereva asimame, akaokota chache, akazitia mfukoni. Mtoni akavua viatu, akaingiza miguu majini, akatuita tukae karibu naye. Akasema maji yale ni baridi kuliko ya kwetu.