Sauti ya Baba Katika Kanda



Katika kurasa hizi za nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya mapishi, malezi ya watoto na namna ya kuufikisha mshahara mwisho wa mwezi. Leo naomba ruhusa niwasimulie habari za chombo, kwa sababu chombo kikichaguliwa au kikitumiwa vibaya huweza kuipokonya nyumba kitu kisichopatikana tena kwa fedha. Chombo chenyewe ni deki ya kurekodia picha za video, ile ambayo ndani yake imewekwa diski ngumu ya kuhifadhia. Mimi si fundi. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha shule ya msingi, na sasa ni mtumishi katika ofisi ya elimu ya wilaya. Niyajuayo juu ya mitambo nimefunzwa na hasara.

Baba yetu alikuwa sajini wa polisi. Sisi watoto wake tulilelewa katika nyumba za askari mjini Jinja, nasi tulizungumza Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyowaunganisha majirani waliotoka kila upande wa Uganda. Mwaka 1998 dada yetu mkubwa aliolewa, na sherehe ikapigwa picha za video. Humo Baba anasimama mbele ya wageni na kumpa bintiye nasaha za ndoa. Mwaka 2001 kaka yangu alihitimu mafunzo ya jeshi, na gwaride lile nalo likapigwa picha. Humo Baba anaonekana katika sare yake, amenyooka kama mlingoti, akirudishiana saluti na mwanawe, kisha akisahau ukakamavu wote na kumkumbatia. Mwaka 2003 Baba alifariki dunia. Hatukuwa na sauti yake wala mwendo wake mahali pengine popote ila katika kanda hizo mbili.

Kwa miaka mingi Mama alizihifadhi katika sanduku la bati kijijini, wilayani Tororo. Mwaka 2016 alikuja nazo kwangu zikiwa zimefungwa katika leso. Nilipofungua kifuniko cha kwanza niliona vumbi jeupe kwenye kingo za utepe. Ulikuwa ukungu, ule ule unaoota kwenye viatu vilivyosahauliwa. Wakati huo macho ya Mama yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Aliniambia, “Mwanangu, kuona si lazima. Nataka nimsikie.”

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kanda huoza. Kanda za aina ile, zilizotolewa kwanza na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976, ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini wenye sumaku. Joto na unyevu huudhuru unga huo, na kila mara kanda inapochezwa huchakaa kidogo. Tena mashine za kuzichezea zinaadimika. Mwezi Julai mwaka ule ule wa 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kuziunda, iliacha kazi hiyo. Tulikuwa na deki ya zamani iliyobaki na uhai, na kanda zilizobaki na picha. Hatukuwa na haki ya kungoja.

DUKANI

Mwezi Desemba kaka yangu alikuja likizo kutoka Somalia, ambako jeshi letu lilikuwa likitumika katika kikosi cha Umoja wa Afrika tangu mwaka 2007. Sisi watoto watatu tulichanga fedha, na kaka nami tukapanda basi kwenda Kampala. Ndani ya basi tulitambua kwamba tunakwenda kununua vitu viwili tofauti. Mimi nilitaka chombo cha kuziokoa kanda za Baba. Yeye alitaka chombo chenye diski kubwa kuliko zote, ili akiwa mbali watoto wamrekodie mechi za mpira, naye akirudi azitazame kwa wiki nzima. Sikumlaumu. Mtu anayekaa zamu mwaka mzima mbali na nyumba yake ana haki ya kutamani burudani.

Muuza duka alitupangia deki tatu, zote zimekwisha kutumiwa ng’ambo. Ya kwanza ilikuwa na diski ya gigabaiti 500, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote. Kaka aliishika kama mtu aliyeokota pochi. Mimi kwa mazoea ya ualimu niliigeuza nikasoma kibandiko cha nyuma. Kiliandikwa volti 100. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240. Deki ile iliundwa kwa matumizi ya Japani, na kama tungeichomeka ukutani bila transfoma ya kupunguza umeme, tungesikia harufu ya kuungua kabla ya kuona picha. Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Japani na Marekani zilifuata mpango wa picha uitwao NTSC, wenye mistari 525, hali nchi zetu za Afrika Mashariki zilifuata PAL, wenye mistari 625. Kanda zetu zilikuwa za PAL. Transfoma isingelitibu jambo hilo.

Deki ya pili ilifaa kwa umeme wetu na kwa kanda zetu, nayo ilikuwa na diski ya gigabaiti 250. Lakini haikuwa na mahali pa kutia diski ya DVD. Kilichorekodiwa ndani kingekaa humo humo, kama ng’ombe aliyeingizwa katika zizi lisilo na mlango wa kutokea.

Ya tatu ilikuwa na gigabaiti 160 tu, lakini iliweza kurekodi katika diski yake ngumu, kisha kunakili rekodi hiyo katika DVD. Kaka alilalamika kwamba ni ndogo. Tulifanya hesabu juu ya kaunta. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, na kwa ubora wa wastani huchukua saa mbili za picha. Basi gigabaiti 160 ni sawa na DVD 34, yaani saa 68 hivi. Kanda zetu zote mbili hazikufika saa sita. Nilimwuliza, “Kaka, hizo saa sitini zilizobaki hazikutoshi kwa mpira?” Alicheka, tukalipa shilingi laki tatu na nusu.

Jambo moja tuliligundua nyumbani. Deki ile ilikuwa na kipokea matangazo chake, lakini cha analojia. Tarehe 17 Juni 2015 ndiyo iliyokuwa mwisho uliowekwa kimataifa kwa nchi nyingi kuiacha mitambo ya aina hiyo, nasi tulikuwa tumekwisha hamia kwenye ving’amuzi. Kwa hiyo ilitubidi kuunganisha king’amuzi na deki kwa nyaya tatu, wa manjano wa picha, na mweupe na mwekundu wa sauti. Kaka alipata mpira wake, ila kwa kukiacha king’amuzi kimewashwa kwenye stesheni inayotakiwa hadi mechi iishe.

USIKU WA KUNAKILI

Fundi wa mtaani alizisafisha kanda ukungu kwanza, maana kanda yenye ukungu huchafua vichwa vya mashine na kuiharibu kanda inayofuata. Kisha tukaunganisha deki ya zamani na mpya. Kazi hii haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu hunakiliwa kwa saa tatu.

Ilipofika zamu ya Baba kusema, nyumba nzima ilinyamaza. Picha ilitetemeka na rangi zilikuwa zimepauka, lakini sauti ilitoka safi. “Mwanangu,” alisema, “nyumba hailindwi kwa rungu. Mimi ninalo rungu, lakini nyumbani kwangu naliacha mlangoni.” Wageni wa mwaka 1998 walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Mama alifumba macho na kuinamisha kichwa upande wa televisheni.

Kanda ya gwaride tuliinakili usiku ule ule. Zote mbili sasa zilikuwa katika diski ngumu. Tulikuwa tumechoka, na kaka akasema DVD tutazitengeneza siku nyingine, kwani vitu vimekwisha kuwa salama. Mama, asiyejua gigabaiti wala volti, ndiye aliyekataa. “Hiyo ya harusi nitaondoka nayo kesho,” alisema. “Siwezi kuwaambia watu wa kijijini kwamba mume wangu yumo ndani ya sanduku la mwanangu mjini.” Nilimtii kwa heshima tu. Nilitia DVD, nikanakili, nikaifunga rekodi kwa ile amri ya mwisho ambayo bila hiyo DVD haichezi katika mashine nyingine, nikampa. Ya gwaride haikunakiliwa.

Baada ya siku chache, katika kusafisha nyumba kwa ajili ya Krismasi, kaka alizichukua kanda zile kuukuu akazitupa katika shimo la takataka na kuzichoma pamoja na majani makavu. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani anaondoa maganda baada ya kula ndizi.

Mwezi Februari umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Asubuhi deki iliwaka lakini haikuonyesha orodha ya rekodi. Ndani yake ilisikika sauti ndogo, tik, tik, tik, kama saa ya mezani. Fundi aliinamisha sikio akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Diski ikipatwa na dhoruba ya umeme, kichwa chaweza kushindwa kusoma au hata kuikwaruza sahani. Nilimwuliza kama angeweza kuitoa diski na kuisoma kwa kompyuta. Akasema deki hizi aghalabu huandika kwa namna zake zenyewe, ambazo kompyuta ya kawaida haizitambui. Wapo wataalamu wanaojaribu kuokoa vilivyomo, lakini gharama ilizidi uwezo wetu wote watatu, tena bila ahadi.

Nilimpigia kaka simu. Alikuwa amekwisha kurudi Somalia. Nilimwambia kwamba saluti ya Baba haipo tena. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, “Na ile ya Mama?” Nikamwambia ile ya Mama ipo. Akasema, “Tunza hiyo,” akakata simu. Hatukulaumiana. Yeye alizichoma kanda, nami niliyejiona msomi wa kibandiko niliahirisha kazi ya dakika chache.

NASAHA ZANGU

Wapo wenzetu ambao hata leo hupewa deki za namna hii na ndugu walio ng’ambo, au huziona madukani zikiuzwa kwa bei nafuu. Sisemi msinunue. Ukiwa na kanda za zamani, bado zina faida kubwa. Lakini kabla ya kutoa fedha soma volti nyuma ya chombo, uliza kama inapokea PAL, angalia kama ina matundu matatu ya kuingizia picha na sauti kutoka mashine nyingine, kisha hakikisha kwamba kinachoingia kinaweza kutoka. Ukubwa wa diski uwe swali la mwisho. Mwombe muuzaji airekodi dakika moja, ainakili katika DVD, na aicheze DVD hiyo katika mashine ya pili mbele ya macho yako. Nyumbani uitilie kidhibiti cha umeme, wala usiisogeze wala kuichomoa inapokuwa ikifanya kazi.

Ving’amuzi vyenye diski ndani navyo vina mipaka yake. Rekodi zake mara nyingi huchezwa na king’amuzi chenyewe tu, kwa hiyo vinafaa kwa mpira na michezo ya kuigiza, si kwa kumbukumbu za ukoo.

Zaidi ya yote, diski ngumu ni meza ya kufanyia kazi, si ghala. Kila kilicho cha thamani kiwe na nakala angalau mbili, tena katika nyumba mbili tofauti. Na kanda ya asili isitupwe hata kama imekwisha kunakiliwa. Haya yanazihusu pia picha za watoto zilizomo katika simu zetu, hasa kwa familia za askari ambazo huhamishwa mara kwa mara na kupoteza mizigo njiani.

Baadaye kaka alipata likizo nyingine. Alikuja na flashi tatu mpya mfukoni. Tulitengeneza nakala za ile DVD, moja ya dada, moja yake, moja yangu, na ile ya kwanza ikabaki kwa Mama. Kabla ya kurudi kazini alikaa na Mama kijijini jioni nzima. Mama hakuweza tena kuona picha, kwa hiyo alimwomba amweleze: nani ameketi wapi, amevaa nini, Baba anafanya nini kwa mikono yake. Kaka alimweleza yote. Na harusi ilipokwisha, alimsimulia pia lile gwaride la mwaka 2001, kwa maneno, tangu mwanzo hadi kwenye saluti.

Nawatakia wasomaji wote usalama kazini na amani majumbani. Mwenye kanda katika sanduku la bati, alifungue juma hili.