Sweta la Kijani

Kila msimu wa udahili vijana wa ustawi wa jamii hunipigia simu kuniuliza wasomee nini ngazi ya uzamili. Nimekuwa nikiwajibu kama mtu aliyechagua vizuri. Sikuchagua vizuri.

Mwaka 2016, nikiwa afisa ustawi hapa Uyole, Mbeya, nilikuwa na fomu mbili. Moja ya ustawi wa jamii, Chuo Kikuu Huria, ambako ningesoma huku naendelea na kazi. Ya pili ya ufuatiliaji na tathmini ya miradi. Mwenzangu niliyesoma naye Kijitonyama, Taasisi ya Ustawi wa Jamii, alinisihi: "Dada, wewe ofisi yako imejaa watoto. Somea watoto na familia." Nilimsikia. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye magari ya miradi yanayopita njia panda ya Uyole, na mishahara ya waliomo. Sikuuliza nitafanyia wapi mafunzo kwa vitendo, wala nani atakaa pembeni asikie ninavyozungumza na mtoto. Niliuliza ada. Nikakopa SACCOS, nikasomea miradi.

Fani yenyewe haina kosa, inamfaa anayeipenda. Mimi niliifuata fedha, na kazi ya mradi sikuipata. Nikarudi dawati lilelile.

Na dawati hili liko Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Ofisini kwangu tarakimu hizo huingia zikiwa bibi na wajukuu wake, watoto waliozika wazazi na hakuna aliyewahi kukaa nao wakalia.

Mwaka 2018 mvulana wa miaka 13 alikamatwa sokoni na gunia la viazi lisilo lake. Katika kesi za watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama hututegemea sisi kwa taarifa ya maisha ya mtoto. Alikaa mbele yangu na sweta la kijani lililompwaya, akivuta nyuzi za mkono wake, mmojammoja. Nikamuuliza wanakula milo mingapi, wanalala wangapi chumba kimoja. Nikajaza majedwali manne. Hakimu aliyasoma yote, kisha akaniuliza, "Mtoto huyu anaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Kesi ikaahirishwa wiki mbili ili afisa mwingine aandike upya, na mtoto akarudishwa mahabusu ya watoto. Wiki hizo mbili ni zangu.

Mwaka huu nilimkuta bibi yake sokoni akipanga viazi mafungu. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinisikiliza mikono ikiendelea kupanga.

"Mwanangu," akasema, "lile sweta lilikuwa la mama yake."