Niliuza Baiskeli Isiyo Yangu

Niliuza baiskeli ya mke wangu akiwa msibani kwao Ifakara. Sikumwuliza, na aliporudi nilimdanganya kuhusu sababu. Yeye nimekwisha kumwomba radhi, lakini uongo wangu ulisambaa hapa kwetu Manzese, Dar es Salaam, kuliko ombi langu la radhi, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba nilikuwa namlinda. Sikuwa namlinda. Nilimwonea, na nataka nieleze nilivyomwonea.

Mke wangu amekulia katika bonde la Kilombero, ambako ardhi ni tambarare na baiskeli imezoeleka. Huko mwanamke aliyejifunga kanga, mtoto mgongoni na mzigo kwenye keria, si kioja kwa mtu. Anakwenda shambani, sokoni au kliniki. Mimi nimezaliwa Manzese, na tangu utotoni nimeona baiskeli ikiwa ya muuza mkaa, muuza mikate na fundi wa kiume. Yeye alinunua Phoenix ya kike kwa fedha zake mwenyewe. Alfajiri alikuwa akienda soko la Tandale kuchukua mchele, anaufunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, kisha anawapelekea wateja wake wa Sinza, Mabibo na Mburahati. Jua linapokuwa kali yeye amekwisha kurudi nyumbani.

Ni yeye aliyenitia hamu, nami nikanunua yangu, mtumba yenye gia. Siku za mapumziko tulikuwa tukishika barabara ya Shekilango hadi Bamaga, tunapita Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, mpaka Bagamoyo. Ni takribani kilomita 60. Tulikuwa tukipumzika Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili wa kale, tunakula tulichobeba, kisha tunageuza. Kazi ilikuwa kurudi. Katika miezi ya kusi, upepo ule uliokusukuma asubuhi hukupiga usoni alasiri, na baiskeli inakuwa nzito kama umebeba mtu. Waendesha baiskeli wawili hupokezana: wa mbele anakata upepo, wa nyuma anamfuata karibu apate kupumua. Zamu zangu za mbele zilikuwa fupi. Zake zilikuwa ndefu, wala hakuwahi kunisimanga kwa hilo.

Mtu huyo aliyenikinga upepo ndiye niliyekuja kumwambia kwamba hawezi barabara ya Manzese.

Chanzo kilikuwa kijiwe cha kahawa. Jioni moja mwenzangu aliniambia mbele ya watu, "Shemeji anakata mitaa kwa baiskeli na wewe upo? Bajaji imekushinda?" Wote walicheka, nami nikacheka nao. Moyoni niliungua. Maneno yaliendelea: kwamba mwanamke mwenye heshima zake hapandi baiskeli, kwamba mke akishajua njia zote hana tena haja ya mume. Sikumtetea hata mara moja. Niliona haya, na badala ya kuwaonea haya waliosema, nilimwonea haya yeye.

Muda si mrefu bodaboda iliyokuwa ikija kinyume, ndani ya njia ya baiskeli pale karibu na kituo cha Tip Top, ilimgonga mke wangu ubavuni. Alichubuka kiwiko na mchele ukamwagika. Hatari ile ilikuwa ya kweli. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, Barabara ya Morogoro inayopita kwetu ilikuwa imejengwa upya, ikiwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni, na jiji letu likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini njia hizo kwetu hupangwa bidhaa, na bodaboda hupita humo kukwepa foleni. Mtu mwenye akili angeyapeleka hayo serikali ya mtaa. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nimepata kisingizio.

Alipoondoka kwenda msibani nilimwita muuza mkaa mmoja, nikamwuzia Phoenix ile kwa bei ya kutupa. Fedha nilizitia kwenye kodi ya nyumba, ingawa kodi ilikuwa bado haijafika, ili nikiulizwa niseme zilikuwa za familia.

Aliporudi aliuliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia, "Nimeiuza, mama watoto. Barabara hii ingekuua."

Akaniuliza, "Na yako umeiuza?"

Yangu ilikuwa imeegemea ukutani, tukiiona sote wawili. Sikuwa na jibu. Kijiweni nako nilisema uongo uleule, kwamba namlinda, nao wakanipongeza.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Mchele wa rejareja faida yake ni ndogo, na nauli ya bodaboda ya kila asubuhi ikaila. Wateja wa Sinza akawaacha, kisha wa Mburahati. Mwanamke aliyekuwa akinikopesha mimi akaanza kuniomba fedha ya chumvi na ya vocha. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda kuombwa. Hapo ndipo nilipopaswa kujijua, kwa sababu mtu anayekulinda hafurahii kukuona umepungua.

Nilijaribu kwenda Bagamoyo peke yangu. Kurudi, upepo ulinikuta Kerege na hapakuwa na wa kupokezana naye. Nikashuka, nikasukuma. Baada ya siku ile sikuweza tena kusema kwamba mnyonge barabarani ni yeye.

Nilimweleza kila kitu: kijiwe, haya yangu, bei niliyouzia, na ile furaha ya kuombwa. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alitaka mambo mawili. Kwanza nimnunulie baiskeli nyingine, achague mwenyewe. Pili nikaseme ukweli palepale nilipousema uongo. Tulikwenda Kariakoo, akazungusha magurudumu, akajaribu spoku moja moja kwa kidole, akakataa nilizozisifu na kuchukua aliyoitaka. Jioni nilikwenda kijiweni nikasema. Mmoja akaniambia nimejidhalilisha. Nikamjibu kwamba aliyedhalilishwa ni mke wangu, na aliyemdhalilisha ni mimi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Baiskeli ile ilikuwa jasho lake, na ndoa haikuifanya yangu. Nikilitazama bila kujipendelea, niliiba ndani ya nyumba yangu, na wenzangu wakanipongeza kwa kuwa mwanamume.

Hatujarudi tulivyokuwa. Baadhi ya wateja wake walikwisha kupata wauzaji wengine. Tunasafiri tena pamoja, ila yeye ndiye anayesema lini na wapi, nami naona ni haki.

Kwa wanaume wenzangu wa Manzese, na wa kokote ambako mwanamke juu ya baiskeli bado anageuziwa shingo, ninalo hili. Hofu ya barabara ni halali, lakini ipeleke inakostahili. Wapo UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, wanaodai haki ya baiskeli barabarani. Zipo ofisi za serikali za mitaa. Wapo vijana wa bodaboda tunaowajua kwa majina, tunaoweza kuzungumza nao. Ukimwogopea mkeo, panda yako uende naye, au simama na wenzako mdai njia ile iachwe wazi. Baiskeli yake usiiguse.