Kamera ya Ng'ambo: Akiba au Hasara?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo wawafaa sana wale wapatao nafasi ya kusafiri nchi za nje, kwani ni nadra msafiri kuondoka bila orodha ya vitu vya kununua, na mara nyingi kamera huwamo. Watu huamini kwamba vitu vya ng'ambo ni rahisi. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Katika mtaa wa Atlabara, mjini Juba, sajini mmoja wa polisi na mkewe walilipima jambo hili kwa fedha zao wenyewe. Wote wawili walikulia Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992, na huko ndiko walikokipata Kiswahili chao. Baada ya Sudan Kusini kujitawala mwaka 2011 walirejea kwao. Mama huyo huisaidia nyumba kwa kupiga picha za harusi na mahafali. Kamera yake kuukuu ilipokufa kabisa, kipato hicho kilikatika siku ile ile.

Ndani ya nyumba mlikuwa na dola 900, na kati ya hizo 300 zilikuwa karo ya watoto. Kamera aliyoitaka mama iliuzwa Juba kwa dola 650. Kuinunua kulikuwa na maana ya kuimega karo. Ikatokea kwamba sajini alikuwa anakwenda Dubai kwa mafunzo, tiketi yake ikilipwa na waliomwita. Wakaafikiana kwamba anunue huko, ila asivuke dola 600.

Sababu ya bei ya Juba kuwa juu si fumbo. Bidhaa nyingi hushushwa bandarini Mombasa, hupita Uganda, huvuka mpaka Nimule, kisha husafirishwa kilomita 192 hadi mjini. Kila kituo kina gharama yake, na mnunuzi wa mwisho ndiye azilipaye zote. Tena, tangu serikali ilipoiacha pauni ielee sokoni mwezi Desemba 2015, thamani yake imeshuka sana, na mfanyabiashara huogopa kuuza leo kwa bei ambayo kesho haitamrudishia mtaji.

Huko Dubai sajini aliikuta kamera ile ile kwa dirham 2,100, yaani karibu dola 572. Duka la jirani lilitaka dirham 1,700 tu. Moyo wake ukaruka. Akampigia simu mkewe kumweleza neema aliyoipata.

"Hongera, baba watoto," mama akajibu. "Betri na chaja vimo ndani ya sanduku?"

Sajini akafungua, akatazama. Havikuwamo, muuzaji alivitoza dirham 250 mbali.

"Na dhamana yake yafika huku kwetu? Maandishi yake ni ya lugha gani?"

Dhamana ilikuwa ya Japani peke yake, na kamera yenyewe haikujua lugha nyingine ila Kijapani.

"Basi, mume wangu, siku ya harusi ya watu mimi nitabonyeza wapi?"

Sajini akairudisha sandukuni, akarudi duka la kwanza. Hapo alifanya jambo ambalo wasafiri wengi hulisahau. Katika nchi ya Falme za Kiarabu, tangu Januari 2018, bei ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na mgeni anayeondoka na kitu alichokinunua aweza kurejeshewa sehemu ya kodi hiyo, maadamu amenunua katika duka lililoandikishwa kwa mpango huo na ameomba hati yake wakati wa kulipa. Katika dirham 2,100 kodi ilikuwa 100. Kiwanjani, kabla ya kukabidhi mizigo, alionyesha kamera na hati, akarejeshewa asilimia 85, yaani dirham 85, zikakatwa 4.80 za huduma. Alibakiwa na dirham 80.20, karibu dola 22. Kamera ikawa imemgharimu dola 550.

Alipofika Juba hakuificha chini ya nguo. Aliitaja, akatoa stakabadhi, akatozwa dola 40, akapewa risiti. Wapo waliomcheka. Lakini askari anayewadai raia washike sheria hawezi kuikwepa mwenyewe mlangoni. Isitoshe, udhuru wa kutojua haumfai msafiri po pote: mwaka 2023 wasafiri wengi waliokuwa wakiingia Kenya walishtuka forodha ilipowakumbusha kwamba vitu vyenye thamani iliyozidi dola 500 vilikuwa vikitozwa ushuru wakati huo. Heri kuuliza kabla ya safari.

Daftari la mama likasomeka hivi: dola 590 zimetumika, akiba dhidi ya bei ya Juba ni dola 60. Zilizobaki 10 zikanunua kadi ya kuhifadhia picha, nayo aliijaza mpaka pomoni kuijaribu kabla ya kuitumia kazini, kwa kuwa kadi za bandia hutaja nafasi zisizokuwa nazo. Karo haikuguswa.

Dola 60 si utajiri, na zilipatikana kwa sababu safari ilikuwapo tayari. Jirani mmoja alipotaka naye kwenda Dubai kwa ajili ya kamera tu, mama alimwonyesha daftari: nauli peke yake ingezimeza hizo 60 mara kadhaa. Huyo yampasa kununua Juba kwa muuzaji anayejulikana, ambaye kamera ikigoma atamwendea kwa miguu. Kamera ya ng'ambo ikiharibika, huenda dhamana yake ikadai irudishwe ilikotoka.

Likabaki neno la sajini mwenyewe. Alimkumbusha mkewe kwamba mjini Juba madaraja, uwanja wa ndege, kambi na majengo ya serikali hayapigwi picha pasipo idhini, kwani kamera iliyozuiliwa kituoni haina faida hata kama ilinunuliwa kwa bei ya kutupa.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi Atlabara. Mama alikwenda na kamera mpya begani, na daftari mkobani.