Kwa Nini Hatusimami Tena

Jumapili saa nane mchana, wenye kanisa wakiwa wameshamaliza ibada yao na kurudi makwao, ndipo tunapoingia sisi wa Kiswahili. Tumepanga hadi saa kumi na moja, na mwenye funguo hana mzaha. Baadhi yetu tunatoka moja kwa moja kwenye shifti ya usiku ya nyumba za wazee, macho mekundu, sare bado ziko ndani ya makoti. Watoto wanapelekwa chumba cha nyuma kusomewa habari za Danieli kwa Kiingereza, maana Kiswahili chao kinaishia kwenye shikamoo. Kwaya ipo, mahubiri yapo, chai ya maziwa na maandazi vipo. Kisichokuwepo ni ushuhuda.

Wengi wetu tumelelewa na walokole. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulifika Uganda, Burundi, Kenya na kwetu Bukoba, na haukubebwa na majengo wala ofisi. Ulibebwa na watu waliosimama mbele ya wenzao wakaitaja dhambi kwa jina lake: niliiba jembe la jirani, namchukia wifi yangu. Kesho yake jembe lilirudishwa. Waliuita mwenendo huo kutembea nuruni, na waliimba Tukutendereza hata wale wasiojua neno jingine lolote la Kiganda. Sisi watoto tuliona aibu. Tulikuwa tunaomba kimoyomoyo mama asisimame siku hiyo. Alisimama.

Hapa Uingereza nasi tulijaribu. Miaka mitatu iliyopita ndugu mmoja alisimama, akasema fedha za mabati alizokuwa akimtumia mkewe Morogoro zilikuwa zimekwisha kwenye mashine za kamari, pale kwenye duka la kubashiri karibu na stesheni. Alilia. Alituomba jambo moja tu, tumwombee apate ujasiri wa kumwambia mkewe yeye mwenyewe. Tukamwekea mikono, tukaomba kwa sauti, wengine tukatoa machozi kweli.

Alhamisi mkewe alikuwa anajua yote, hata jina la mtaa.

Tulisemezana kwamba yupo mtu mmoja mwenye mdomo. Hakuwa mmoja. Huyu alimsimulia dada yake "kwa ajili ya maombi", yule akampigia shemeji aliyeko Dar, na kadi ya simu ya pauni tano ina dakika nyingi. Ndugu yetu alihama mji. Tangu hapo mzee wa kanisa akiuliza nani ana neno, tunashukuru kwa uzima na kwa visa vya watoto, tunakaa.

Mwezi uliopita akaja bibi mmoja kutoka Bukoba kumtembelea mwanawe. Akasimama bila kuitwa. "Bwana asifiwe. Nimemdanganya mkwe wangu. Nilimwambia chakula chake kitamu, kumbe nakimwaga na kuficha biskuti chini ya kitanda." Mkwe alicheka hadi akajishika mbavu. Tukaitikia Amina, tukasubiri. Hakuna aliyesimama baada yake.

Baadaye jikoni, tukiosha vikombe, wawili wetu tulimweleza habari ya yule ndugu. Tulipofika kwenye simu tukasema "watu walipiga". Bibi akauliza watu gani. Maji yakaendelea kutiririka.

"Ni sisi, mama."

"Sasa mnaniambia mimi wa nini? Hamna namba yake?"

Namba tulikuwa nayo muda wote. Jumamosi ya kwanza iliita mpaka ikakatika. Ya pili akapokea. Tulisema tulichokuwa tumepanga kusema, kwa haraka na bila mpangilio. Akanyamaza, kisha akauliza watoto wetu wamefika darasa la ngapi. Juu ya kuja Jumapili hakusema kitu, nasi hatukuthubutu kumuuliza.